SOMO LA WIKI: Stendi na begi la kamera ndogo – hesabu gharama kwa kazi, si kwa bei ya dukani

Wiki hii safu yetu ya somo inatoka kidogo kwenye bei za pamba, dengu na choroko, na kuingia katika biashara inayofuata nyuma ya mazao hayo, yaani upigaji picha. Tunazungumzia hasa vifaa viwili ambavyo wapiga picha wengi wadogo huvinunua mwisho na kwa haraka: stendi ya kamera (ile ya miguu mitatu, wengine huiita tripodi) na begi la kubebea kamera.

Tumechagua kuangalia suala hili kwa macho ya mpiga picha wa kata ya Shishiyu, wilayani Maswa, mkoani Simiyu. Mkoa huo, ulioanzishwa rasmi mwaka 2012, ndio unaoongoza nchini kwa kilimo cha pamba, na fedha zake huja kwa msimu. Ununuzi wa pamba kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei. Baada ya hapo hufuata miezi ya kiangazi yenye harusi na sherehe, kisha mahafali ya darasa la saba kabla ya mtihani wa Septemba, na yale ya kidato cha nne kabla ya mtihani wa Novemba. Mpiga picha asiyejiandaa mapema hukuta msimu umeondoka na fedha zake.

Wasomaji wetu walio wengi hawapigi picha. Lakini wapo wenye maduka ya vifaa, wapo waliompa kijana mtaji wa kununua kamera, na wapo wanaokopeshana katika vikundi. Hao wote wana fedha zao juu ya miguu mitatu ya stendi, hata kama hawajawahi kuigusa.

Kwa nini kamera ndogo inahitaji uangalifu zaidi sasa

Kamera ndogo ya mfukoni ni chaguo la busara kwa anayesafiri kwa pikipiki au baiskeli kutoka kijiji kimoja hadi kingine. Nyingi zina uzito wa kati ya gramu 200 na 320 pamoja na betri, zina lenzi ya kuvuta picha karibu, na zina flashi yake ndani. Mteja pia huziona kuwa ni vifaa vya kazi, tofauti na simu ambayo naye anayo mfukoni.

Tatizo ni kwamba bidhaa hii imepungua sana duniani. Takwimu za chama cha watengenezaji kamera cha Japani, CIPA, zinaonyesha kuwa mwaka 2010 viwanda vilisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 121, na nyingi kati ya hizo zilikuwa ndogo za mfukoni. Mwaka 2023 jumla ya kamera zote zilizosafirishwa ilikuwa chini ya milioni 8, na zile zenye lenzi isiyobadilishwa, ambamo kamera za mfukoni zimo, hazikufika milioni 2. Simu ndizo zilizochukua soko hilo.

Kwa mfanyabiashara maana yake ni hii: kamera ndogo ikianguka na lenzi yake ikakwama, kupata nyingine ya aina ile ile au kipuri chake si kazi rahisi kama ilivyokuwa zamani. Hivyo kifaa kinachoishikilia kamera hiyo hewani, na kile kinachoibeba barabarani, vimekuwa na thamani kubwa kuliko bei yake inavyoonyesha. Stendi na begi ni bima ya mtaji, na ni lazima vinunuliwe kwa mawazo hayo.

Kazi ambayo stendi inafanya, na ile isiyoifanya

Mchana juani kamera hupiga picha kwa muda mfupi sana, mathalani sehemu moja ya 250 ya sekunde. Mtikisiko wa mkono hauonekani. Lakini jioni, ndani ya ukumbi au darasa lenye taa moja, kamera hulazimika kukusanya mwanga kwa muda mrefu zaidi, mathalani sehemu moja ya 15 ya sekunde. Hapo mkono wa mtu yeyote hutikisika, na picha hutoka ikiwa na ukungu. Flashi ya kamera ndogo haisaidii sana, kwa kuwa mwanga wake huishia kwa watu wa mstari wa mbele na kuwaacha wa nyuma gizani.

Stendi huondoa mtikisiko huo wa mkono. Aidha, huwezesha picha za kundi zenye mpangilio mmoja, picha za pasipoti zenye urefu na umbali ule ule kwa kila mteja, na video za hotuba ndefu ambazo mkono hauwezi kuzishikilia. Kwa picha za shule, ambapo wanafunzi 80 hupita mbele ya kitambaa kimoja, stendi huokoa muda: kamera inabaki palepale, anayebadilika ni mwanafunzi tu.

Hata hivyo, stendi haimzuii bwana harusi kusogea. Kama watu wanacheza ngoma na mwanga ni hafifu, picha itakuwa na ukungu hata kamera ikifungwa kwenye nguzo ya zege. Kwa hiyo anayepiga picha za mchana peke yake, nje, bila makundi wala video, hana sababu ya kutumia fedha nyingi kwenye stendi. Ni vizuri mtu ajue anauza huduma gani kabla ya kununua kifaa.

Mambo matano ya kuangalia kwenye stendi

Kwanza, uzito wa stendi yenyewe. Kwa mtu anayetembea, stendi nzuri ya aluminiamu ya kati ya kilo 1 na kilo moja na nusu inatosha. Stendi ya urefu wa mtu mzima iliyo nyepesi sana na ya bei ya chini mara nyingi imetengenezwa kwa plastiki nyingi na miguu myembamba, na upepo wa kiangazi huitikisa. Zipo pia za faiba ya kaboni, ambazo kampuni ya Gitzo ya Ufaransa ilianza kuziingiza sokoni mwaka 1994. Hizo ni nyepesi na imara, lakini bei yake ni mara kadhaa ya aluminiamu. Kwa kamera ya gramu 300, unafuu wa uzito unaoupata haulipi tofauti hiyo ya bei.

Pili, urefu. Angalia inafika wapi miguu ikiwa imefunguliwa yote lakini nguzo ya katikati haijapandishwa. Nguzo hiyo ikipandishwa, stendi inageuka kuwa ya mguu mmoja uliosimama juu ya mitatu, na hapo ndipo mtikisiko unapoanza. Sentimita 120 hadi 130 bila nguzo zinatosha kwa watu waliokaa na makundi mengi. Kwa picha za pasipoti mteja anaweza kukalishwa kwenye kiti.

Tatu, urefu ikikunjwa, pamoja na idadi ya vipande vya mguu. Stendi yenye vipande 4 au 5 kwa kila mguu hukunjika ikawa fupi na kuingia vizuri mgongoni mwa abiria wa bodaboda. Lakini kila kipande kinachoongezeka ni chembamba kuliko kilichotangulia, na kinaongeza kibanio kimoja cha kuharibika. Ya vipande 3 ni ndefu zaidi kubeba lakini imara zaidi. Anayekwenda kwa pikipiki yake mwenyewe anaweza kuchukua ya vipande 3 na kuifunga kwenye keria. Anayepanda magari ya abiria atanufaika na ya vipande 4. Vipande 5 ni kwa msafiri wa ndege, si kwa mtu wa Maswa.

Nne, kichwa. Vipo vya aina mbili: kichwa chenye mkono wa kugeuzia, na kichwa cha gololi kinachokazwa kwa kitasa kimoja. Chenye mkono kinafaa kwa video na picha za makundi, kwa sababu unaweza kugeuza upande mmoja bila kuharibu mwingine. Cha gololi ni kifupi na cha haraka, lakini kikiwa cha bei ya chini huteleza taratibu baada ya kukazwa, na picha ya pasipoti hutoka imeinama. Hakikisha pia kichwa kinaweza kulaza kamera upande, nyuzi 90, kwa ajili ya picha za wima.

Tano, mahali kamera inapofungwa. Karibu kamera zote ndogo na stendi zote hutumia skrubu ya robo inchi, inayotambuliwa na kiwango cha kimataifa cha ISO 1222, kwa hiyo kuoana si tatizo. Tatizo ni kibao cha kufungia. Kwenye kamera nyingi ndogo tundu la skrubu liko karibu sana na mlango wa betri na memori kadi. Kibao kikubwa huziba mlango huo, na kila betri inapokwisha inabidi kamera ifunguliwe yote. Katikati ya harusi hiyo ni hasara. Nenda dukani na kamera yako, funga kibao, kisha jaribu kufungua mlango wa betri. Usikaze skrubu kwa nguvu kupita kiasi, kwani matundu ya baadhi ya kamera ndogo ni ya plastiki na uzi wake hukatika.

Usidanganywe na maandishi ya kwenye boksi

Maboksi mengi huandikwa kuwa stendi inabeba kilo 3, 5 au hata 8. Kwa kamera ya gramu 300 maandishi hayo hayana maana kubwa, kwa kuwa hata stendi dhaifu huweza kuibeba. Linalotakiwa kujulikana ni kama inasimama bila kutikisika. Hilo halimo kwenye boksi, hupimwa kwa mkono.

Mwombe muuzaji akuruhusu kuifungua mwenyewe. Ifungue hadi urefu wa kazi, kisha fanya majaribio manne. Shika kichwa na ukizungushe taratibu kushoto na kulia: miguu isijinyonge. Kandamiza kwa kiganja kutoka juu: kipande chochote kisizame ndani ya kingine. Funga kamera, vuta lenzi hadi mwisho, gonga mguu mmoja kwa kidole na utazame kioo cha kamera: picha itulie ndani ya sekunde moja au mbili. Mwisho, kaza kichwa kamera ikiwa imeinama mbele, na uhesabu hadi 60: isiteremke.

Muuzaji anayekataa majaribio hayo amekupa jibu. Kwa mnunuzi wa Shishiyu jambo hili ni muhimu zaidi kuliko kwa mtu wa mjini. Duka likiwa Makoroboi jijini Mwanza au Kariakoo jijini Dar es Salaam, dhamana ya kurudisha bidhaa huishia pale nauli inapozidi thamani ya bidhaa. Hali kadhalika, anayeagiza kwa simu na kutumiwa mzigo kwa basi aombe kwanza apigiwe video stendi ikiwa imefunguliwa, na adai risiti halali ya mashine. Bila risiti, hata malalamiko ya bidhaa bandia kwa Tume ya Ushindani (FCC) hukosa mguu wa kusimamia.

Hesabu ya gharama kwa kazi

Sasa tuingie kwenye hesabu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, kila msomaji aweke zake.

Tuseme stendi ya kwanza inauzwa Sh 30,000 na itadumu kazi 60, kisha ni ya kutupa. Gharama yake ya uchakavu ni Sh 30,000 kugawa kwa 60, yaani Sh 500 kwa kila kazi. Stendi ya pili inauzwa Sh 100,000, itadumu kazi 400, na mwisho itauzwa kama mtumba kwa Sh 20,000. Uchakavu wake ni Sh 80,000 kugawa kwa 400, yaani Sh 200 kwa kazi. Hadi hapo wahenga waliosema rahisi ghali wako sahihi, ingawa tofauti ya Sh 300 si ya kumfilisi mtu.

Tofauti kubwa iko kwenye hatari ya kuanguka. Tuseme kamera ina thamani ya Sh 500,000. Kama stendi dhaifu huiangusha kamera mara moja katika kila kazi 100, hatari hiyo ina gharama ya Sh 5,000 kwa kila kazi. Kama stendi imara huiangusha mara moja katika kazi 1,000, gharama ni Sh 500. Jumlisha na uchakavu: stendi ya kwanza inagharimu Sh 5,500 kwa kazi, ya pili Sh 700. Mpiga picha anayebakiwa na Sh 10,000 kwa kazi moja atakuwa amempa mwenye stendi ya rahisi zaidi ya nusu ya faida yake bila kujua.

Fedha hizo hazionekani kwa sababu hazitoki kila siku. Hukaa kimya kazi 99, kisha hutoka zote pamoja siku ya 100, tena mbele ya watu.

Upande wa pili wa hesabu ni muda wa kurudisha mtaji. Tuseme stendi na begi vinagharimu Sh 130,000, na kila kazi inayohitaji stendi inaongeza faida ya Sh 5,000. Zinahitajika kazi 26 kurudisha fedha. Kwa kazi 3 kwa wiki wakati wa msimu, ni wiki 9. Kwa kazi 1 kwa wiki wakati wa masika, ni nusu mwaka. Hivyo anayekopa ili kununua ahakikishe marejesho yanaanzia kwenye miezi ya sherehe, si Januari. Aidha, anunue kabla fedha za pamba hazijaanza kuzunguka. Anayesubiri hadi mitaa ichangamke ndipo aende Mwanza, wiki za mwanzo zimempita.

Kuna mtu ambaye hesabu hii haimfai. Mwenye kazi moja kwa mwezi atahitaji zaidi ya miaka 30 kufikisha kazi 400. Huyo asifungie Sh 100,000 kwenye stendi. Atafute ya mtumba iliyo imara, ambayo vibanio vyake bado vinakaza na mipira ya miguuni ipo, au atumie njia zilizoelezwa hapa chini.

Njia za bei ya chini kabisa

Kifuko cha choroko ni stendi ya kwanza kwa mkulima wa Simiyu. Shona kifuko cha kitambaa kigumu, ukubwa wa mkate, ujaze choroko au mchele kiasi cha robo tatu, usijaze pomoni. Kiweke juu ya kiti, dirisha au tanki la pikipiki, na uzamishe kamera juu yake. Hutulia vizuri kuliko stendi nyingi za bei ya chini. Kwa picha za bidhaa mezani, mathalani chaki za Maswa au chupa za asali, hakuna haja ya kingine.

Njia nyingine ni kamba. Tafuta skrubu fupi ya robo inchi, ifunge kamba yenye urefu wa kutoka ardhini hadi usoni, kisha uifunge chini ya kamera. Kanyaga ncha ya chini na uvute kamera juu hadi kamba ikaze. Mtikisiko wa juu na chini hupungua sana. Haifai kwa video, lakini kwa picha ya jioni ni msaada mkubwa kwa gharama ndogo.

Zipo pia stendi ndogo za mezani zenye urefu wa kiganja, pamoja na zile za miguu inayopindika inayoweza kuzungushiwa kwenye tawi au nguzo. Kwa kamera ya mfukoni zinafaa, ila zinahitaji meza au tawi mahali unapotaka, na hilo halipatikani kila kiwanja cha shule.

Yote yakiwa tayari, tumia kipima muda cha kamera cha sekunde 2. Kidole kinachobonyeza kitufe ndicho mara nyingi kinachotikisa kamera iliyokwisha kufungwa. Kwenye upepo, fungua miguu yote sawasawa, mguu mmoja uelekezwe mbele, na utundike kifuko cha mawe kwenye nguzo ya katikati. Kifuko hicho kiguse ardhi kidogo, kwa kuwa kikining'inia huru hupeperuka na kuongeza mtikisiko badala ya kuupunguza.

Begi: adui ni vumbi, tope na mwizi

Begi la kamera ndogo halitakiwi kuwa kubwa. Linatakiwa kubeba kamera, betri mbili za akiba, memori kadi, kitambaa cha kufutia lenzi na chaja. Begi likibaki na nafasi, litajazwa misumari, funguo na soda, na kioo cha kamera kitachubuka.

Mazingira ya Simiyu yana adui wawili wa msimu. Kiangazi ni vumbi jembamba linaloingia hadi kwenye lenzi inayotoka na kurudi ndani. Chembe moja ya mchanga hutosha kuikwamisha. Masika ni udongo mweusi wa mbugani unaonata na kukwamisha pikipiki, na mpanda pikipiki akianguka, begi huanguka naye. Kwa hiyo angalia zipu kwanza: iwe na ulimi wa kitambaa unaoifunika, na ikimbie bila kukwama. Kisha sponji: uikandamize kwa vidole viwili, visikutane upande wa pili kirahisi, na iwepo pia chini ya begi, mahali ambapo mabegi mengi ya bei ya chini hayana kitu.

Mkanda uvuke kifua, usiwe wa bega moja tu. Mshono wake ndio unaobeba mtaji wote, kwa hiyo uvute kwa nguvu dukani. Mlango wa begi uelekee mwilini, si nje. Rangi iwe ya kawaida, bila jina kubwa la kampuni ya kamera, kwani jina hilo ni tangazo kwa mwizi wa stendi ya mabasi.

Kwa mvua, usitegemee rambo. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Tafuta begi lenye kifuniko chake cha mvua, au shona cha turubai. Unyevu wa ndani huweza kupunguzwa kwa vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Usivitupe, lakini badilisha mara kwa mara.

Mwenye mtaji mdogo anaweza kwenda kwa fundi cherehani. Kitambaa cha jinzi au turubai nje, sponji ya mabaki ya magodoro katikati, na kitambaa laini ndani ili sponji isitoe unga wake kwenye lenzi. Pima kamera ikiwa imefungwa, ongeza unene wa kidole kila upande, na umwambie fundi ashone mkanda kupita chini ya begi lote, si kuubandika pembeni. Begi la namna hiyo huweza kulingana na la dukani, na fedha hubaki kijijini.

Neno kwa wenye maduka

Barabara ya lami ya Mwigumbi–Maswa–Bariadi–Lamadi imerahisisha kuleta bidhaa kutoka Mwanza na Shinyanga, na mfanyabiashara wa Maswa mjini au Bariadi anaweza kuweka vifaa hivi badala ya kumwacha mteja asafiri. Ushauri wetu ni kuweka aina chache. Aina moja ya stendi ya aluminiamu yenye kichwa cha mkono, vibao vya akiba, mipira ya miguu, na kishikio cha simu kinachoingia kwenye skrubu ile ile ya robo inchi. Kishikio hicho hufungua soko la pili, maana anayepiga kwa simu pia anahitaji stendi.

Vibao vya akiba hasa visidharauliwe. Ni kipande kidogo kinachopotea kwa urahisi, na kikipotea stendi nzima inakuwa haina kazi. Duka linalouza kibao humrudisha mteja, na mteja aliyerudi hununua na kitu kingine.

Muhtasari

Anayetaka kununua wiki hii ajiulize maswali manne. Je, nina kazi ngapi kwa mwaka zinazohitaji stendi? Je, kamera yangu ikianguka nitapata wapi nyingine? Je, nitabeba mzigo huu kwa chombo gani? Je, nimeifungua na kuitikisa kwa mkono wangu?

Akishajibu, achukue bei, aondoe thamani ya mtumba, agawe kwa idadi ya kazi, na aongeze hatari ya kuanguka. Tarakimu itakayopatikana ndiyo bei halisi ya stendi. Ile iliyobandikwa kwenye boksi ni mwanzo tu wa mazungumzo na muuzaji.